Sanduku la Mwalimu: Ndizi za mama mkwe na potasiamu ya ubongoni

Barua nyingi za mwezi huu ni za wazazi wanaotaka nisaidie watoto wao kuchagua tahasusi. Hizo nitazijibu toleo lijalo, matokeo yakishatulia. Nimebakiza tatu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana, na zote zimeangukia jambo moja bila wenyewe kujua: chumvi zilizomo kwenye maji yanayozizunguka seli za ubongo.

Shikamoo Mwalimu. *Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Ngarenaro, Arusha. Nina miaka 34. Tangu kidato cha pili nashikwa na kipandauso. Kwanza naona kitu kama kipande cha zipu kinachometameta, kidogo tu, kando ya ninachokitazama. Kinakua, kinapinda kama meno ya msumeno, kinasogea polepole kwenda kushoto, na kilipopita panabaki pametoboka. Mteja akisimama mbele yangu namwona sikio, uso simwoni. Baada ya dakika 20 hivi kinatoweka, ndipo kichwa kinaanza kupasuka, na kutapika juu yake. Mwaka huu daktari alinieleza kwamba ni wimbi linalotembea juu ya ubongo, potasiamu inamwagika nje ya seli. Nikamsimulia jirani yangu mwenye duka la dawa, akasema, "Si ndizi hizo! Ndizi ndiyo mama wa potasiamu." Nikakumbuka kwamba miaka mitatu mfululizo nimeshikwa nikiwa Kibosho kwa wakwe, Krismasi. Huwa tunapanda basi tarehe 24, nimefunga kazi alfajiri hiyo hiyo, tunafika tunakaribishwa machalari ya ndizi, na jioni kichwa kimeshaanza. Krismasi iliyopita nikakataa sahani. Mama mkwe hakusema kitu, ila mpaka leo akipiga simu anaongea na watoto tu. Je, ni ndizi? Na hiyo potasiamu iliyomwagika inakwenda wapi, au ndiyo nabaki nayo?*

Marahaba, mwanangu. Weka gazeti chini, umpigie mama, kisha urudi tuendelee. Ndizi hazimo kwenye kesi hii. Mimi ni Mpare niliyeolewa Uchagani, nikaishi Moshi miaka 40, na nilipojifungua wa kwanza nilijaribu kukataa bakuli la mtori wa ndizi la mkwe wangu. Sikujaribu mara ya pili.

Sasa nikupe sababu, maana jirani yako hatakubali kwa neno langu tu. Na yeye hakukosea kila kitu. Potasiamu kwenye ndizi ipo kweli, miligramu 350 hivi katika gramu 100 za ndizi mbivu. Kwenye wimbi unaloliona pia potasiamu inamwagika kweli. Alipokosea ni kudhani kwamba ni mzigo mmoja uliosafiri kutoka sahanini hadi kichwani. Potasiamu inayokusumbua haikutoka tumboni. Ilikuwa humo humo ubongoni, ndani ya seli, ikatoka nje ya mlango hatua moja.

Seli ya neva imefunikwa na utando mwembamba, na pande mbili za utando huo chumvi hazilingani hata kidogo. Ndani, potasiamu ni milimoli 140 hivi kwa lita. Nje ni 3. Sodiamu ni kinyume chake: nje 145 na ushei, ndani 10 hadi 15. Kalsiamu ya nje ni kidogo, kama 1.2, na bado ya ndani ya seli iliyotulia ni ndogo kuliko hiyo kwa zaidi ya mara 10,000. Milimoli isikutishe, ni namna ya kuhesabu chembe tu. Shika tofauti ya pande mbili.

Kwetu Upareni tuna ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe linalopokea maji ya mfereji usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanashuka shambani. Hakuna anayeyasukuma yakishuka. Jasho lilitoka kwenye kulijenga na kulijaza. Umeme wa neva ni huko kuzibua: milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, mara inafungwa, ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka. Yote hayo ni elfu moja ya sekunde, au mbili. Kujaza ndiva upya ni kazi ya pampu zilizo kwenye utando wenyewe. Kila mzunguko pampu inatoa sodiamu tatu, inaingiza potasiamu mbili, na inalipa chembe moja ya nishati. Ubongo wako ni asilimia 2 hivi ya uzito wako, lakini ukiwa umetulia unakula asilimia 20 ya nishati yote ya mwili, na fungu kubwa la hiyo ni bili ya pampu.

Hapa nina deni. Nilifundisha baiolojia miaka 31, na kila mwaka nilichora ubaoni mishale minene, sodiamu ndani, potasiamu nje, hata wanafunzi wakaondoka wakiamini kwamba kila mshtuko mmoja wa neva unazipindua chumvi zote. Sivyo. Mshtuko mmoja unahamisha chembe chache mno ukilinganisha na zilizomo. Ukipima ndani ya seli hutaona tofauti. Inapoonekana ni nje, kwa sababu nje ni padogo kupita kiasi. Wale niliowafundisha kati ya mwaka 1981 na 2012, mnisamehe. Mishale ilikuwa minene mno.

Padogo kiasi gani? Seli za ubongo zimebanana kuliko vyumba vya huku Majengo. Kati ya seli na seli kuna nafasi ya makumi machache ya nanomita, na nanomita ni milimita moja uliyoikata mara milioni. Ukijumlisha vichochoro hivyo vyote unapata kama moja ya tano ya ujazo wa ubongo. Sasa mwaga ndoo ya maji Ziwa Chala, hakuna atakayejua. Mwaga ndoo hiyo hiyo kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba yangu, majirani watatu watatoka na mafagio na jina langu midomoni.

Kwa hiyo ukitazama kitu, ukisikia honi, ukifikiria bei ya vitenge, potasiamu ya vichochoroni inapanda kidogo mahali husika, kwa kawaida chini ya milimoli 1, na baada ya sekunde kadhaa imeshuka. Seli zikifanya kazi kwa fujo, kama mtu anaposhikwa na kifafa, inaweza kufika 10 au 12, na hapo inagota. Wakati huo kalsiamu ya nje inapungua kwa kuwa inaingia ndani ya seli, na vichochoro vyenyewe vinabana zaidi, maana seli nazo zinavimba.

Na potasiamu iliyorundikana nje haikai kimya. Tofauti kati ya ndani na nje ikipungua, seli inakaa karibu zaidi na kushtuka. Kitu kidogo tu kinaiwasha. Yaani seli zilizochapa kazi zinawachochea majirani bila kuwatumia ujumbe wowote, kwa kuwamwagia tu maji yao mlangoni. Majirani nao wakishtuka wanamwaga ya kwao.

Kinachozuia mtaa mzima usiwake ni wenye mafagio. Ni seli za glia, hasa zile zenye umbo la nyota, astrosaiti. Neno glia kwa Kigiriki ni gundi, kwa sababu zamani ilidhaniwa kazi yake ni kuzishikanisha neva tu. Kumbe zinafyonza potasiamu, zinapitishiana zenyewe kwa zenyewe kupeleka kusikojaa, na pampu za neva zinaichukua iliyobaki. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho, fundi: inarudi ilikotoka. Hubaki nayo.

Zipu yako ina historia nzuri. Mwaka 1941 mwanasaikolojia Mmarekani Karl Lashley, ambaye naye alikuwa na kipandauso cha namna yako, alichapisha michoro ya zigizaga zake. Alikuwa akizichora kwenye karatasi zikiendelea kusogea, akapiga hesabu kwamba kitu kinachopita kwenye sehemu ya ubongo inayoona kinakwenda milimita 3 hivi kwa dakika. Mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão, aliyekuwa Harvard akichunguza kifafa kwa kutumia sungura, akakutana na jambo ambalo hakulitafuta. Aliushtua ubongo mahali pamoja, umeme wa mahali hapo ukanyamaza, kisha ukimya ukaanza kuenea kama doa la mafuta kwenye kitambaa. Kasi yake? Milimita 2 hadi 5 kwa dakika. Hesabu hizo mbili zilikaa zaidi ya miaka kumi kabla ya mtu kuziweka kwenye meza moja. Na mwaka 2001 watafiti wa Marekani wakampata bwana mmoja ambaye kipandauso humjia akicheza mpira wa kikapu. Wakamwacha acheze, wakamlaza kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, wakalifuatilia badiliko likitambaa nyuma ya kichwa chake kwa kasi karibu ile ile.

Ndani ya wimbi hilo potasiamu haigoti kwenye 12. Wanyama waliopimwa walionesha 30, 40, hata 60. Sodiamu ya nje inakimbilia ndani, kalsiamu ya nje inaanguka karibu yote. Ukingo wa mbele wa wimbi ni seli zinazoshtuka kwa pamoja, na hiyo ndiyo zipu yako inayometameta. Nyuma ya ukingo seli zimeshtuka hadi milango yao imekwama, haziwezi kutuma chochote, na hilo ndilo tundu lililoumeza uso wa mteja wako. Kisha pampu zinaanza kujaza ndiva upya, na baada ya dakika kadhaa mahali hapo pameamka, wakati wimbi limeshasogea kwingine. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni neva za utando unaoufunika, na wimbi likipita chini yake linaelekea kuziamsha, ndiyo maana kichwa kinakuja baada ya taa, yaani ile zipu yako, na si kabla.

Turudi kwenye sahani ya Kibosho. Potasiamu ya machalari inaingia kwenye damu, figo zinaitoa ile ya ziada, na damu inabaki kati ya 3.5 na 5. Hata damu ikiyumba kidogo, mishipa ya damu ya ubongo imejengwa tofauti na ya mkononi au mguuni: seli za kuta zake zimeshonwa ukingo kwa ukingo, wewe ungesema zimepigwa ovaloki, hata potasiamu haipiti inavyotaka. Maji ya ubongo yanabaki kwenye 3 yake. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, huyo ana sababu ya kuhesabu ndizi kama daktari wake alivyomwambia, na anaulinda moyo. Mwambie jirani hivyo, kwa upole, maana utamhitaji.

Lakini barua yako ina mstari ulioupita mbio. "Nimefunga kazi alfajiri hiyo hiyo." Fundi wa Arusha mwezi Desemba analala saa ngapi? Sare za harusi, magauni ya Krismasi ya watoto, wateja wamekaa kwenye benchi wanasubiri vifungo. Umekesha usiku, pengine na usiku wa kabla yake. Umepanda basi hujala. Umekaa dirishani jua likikupiga usoni hadi Moshi. Machalari ndicho chakula cha kwanza kilichoingia mdomoni siku nzima, na kilifika kesi imeshaiva. Kukosa usingizi na kukaa na njaa ni vichokoo vinavyojulikana sana vya kipandauso, na wanawake wengi huongezewa na siku zao za mwezi. Ndizi haikuwa hata shahidi.

Tena usingizi wenyewe unazigusa chumvi hizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa panya, ulionesha kwamba mnyama akilala, potasiamu ya vichochoroni inashuka, na kalsiamu na magnesi zinapanda, akiamka inageuka. Sisemi kwamba hapo ndipo kipandauso chako kinapozaliwa, hilo lingekuwa kuruka mto kwa miguu miwili. Nasema usiku wa kukesha unaufikia uchochoro, na sahani ya ndizi haiufikii. Desemba hii funga kupokea kazi tarehe 18, uandike kwenye ubao mlangoni. Watalalamika. Kula kabla ya basi. Na anza daftari: tarehe, ulilala saa ngapi, ulikula nini, siku za mwezi. Baada ya miezi minne mpelekee daktari wako, litamsaidia kuliko barua kumi kwangu.

Mawili zaidi, na haya usiyapite mbio. Mwanamke mwenye kipandauso cha kuona taa anapokwenda kuchagua uzazi wa mpango amwambie muuguzi, kwa sababu vidonge vyenye homoni ya estrojeni vinamwongezea hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine. Na siku ukiona taa hazikuondoka baada ya saa moja, au mkono umelegea, au mdomo umepinda, au kichwa kimekupiga ghafla kama hujawahi, usisubiri dakika 20 zako. Nenda hospitali.

Mwalimu, shikamoo. *Kitabu chetu kinasema potasiamu nje ya seli za ubongo ni milimoli 3, kama vile mtu alikwenda na kikombe akachota. Vichochoro vyenyewe havionekani hata kwa hadubini ya shule. Nani alipima, na kwa nini niamini? Mwanafunzi wa kidato cha sita, Moshi.*

Marahaba. Miaka 31 nilingoja mtu aniulize hilo darasani.

Walianza na mnyama mwenye neva nene. Ngisi ana mkia wa neva unaofika nusu milimita na zaidi, unaouona kwa macho. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifanyia kazi neva hiyo Plymouth, Uingereza, wakaingiza waya ndani yake, vita ikawakatiza, wakamaliza mwaka 1952 kwa hesabu zilizoonesha sodiamu na potasiamu zinavyopokezana. Tuzo ya Nobel ikaja 1963, wakigawana na John Eccles. Mwaka 1956 Hodgkin na Bernhard Frankenhaeuser wakaona kwamba neva ya ngisi ikishtuliwa mfululizo inaacha alama inayoelezeka kwa njia moja: potasiamu iliyotoka imenaswa kwenye nafasi nyembamba kati ya neva na seli zinazoizunguka. Uchochoro ulijulikana kwa hesabu kabla ya kupimwa.

Mwaka 1966 Richard Orkand, John Nicholls na Stephen Kuffler wakatumia glia kama mzani. Walishtua neva ya jicho ya amfibia mmoja aliye kama mjusi wa majini, na umeme wa glia zilizo kando ukayumba, kwa sababu glia zinaisikia potasiamu ya nje kuliko chumvi nyingine yoyote. Kutoka kiasi cha kuyumba ukapata kiasi cha potasiamu.

Kikombe chenyewe kilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Chukua mrija mwembamba wa kioo, upashe moto katikati, uvute pande mbili hadi ukatike: unapata ncha isiyozidi sehemu ndogo ya unene wa unywele. Jaza nchani kimiminika cha mafuta kinachoikubali potasiamu na kuzikataa nyingine karibu zote. Potasiamu ikiongezeka mbele ya ncha, volti ya mrija inabadilika, nawe unasoma. Kabla ya kuingia ubongoni unauzamisha kwenye maji uliyoyachanganya mwenyewe, yenye milimoli 3, kisha 6, kisha 12, ujue kila namba inasomeka vipi. Ndiyo sababu ya kuamini. Utasema ncha ni nene kuliko uchochoro wenyewe, na utakuwa umesema kweli: inapasua kidogo, inapima kidimbwi ilichokifanya. Waliofanya kazi hiyo walilijua hilo na wakabishana juu yake sana.

Pampu nayo ina kisa, na hiki kinatuhusu sisi. Jens Christian Skou wa Denmark aliipata mwaka 1957 kwa kusaga neva za miguu ya kaa. Nobel akapewa 1997, miaka 40 baadaye, kaa wenyewe hawakumbukwi tena. Ili kuhakikisha kwamba alichokishika ni pampu ile ile inayosukuma sodiamu na potasiamu, alitumia sumu iliyojulikana kuizima: uabaini. Jina hilo Wazungu walilitohoa kutoka Kisomali. Sumu yenyewe iko kwenye msunguti, mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi, na watu wa Afrika Mashariki waliuchemsha wakapaka mishale karne nyingi kabla ya maabara ya kaa. Mshale ulikuwa unazima pampu za moyo wa mnyama. Usiende kuutafuta. Kila darasa nililofundisha lilikuwa na mmoja aliyetaka kulamba.

Mwalimu, heshima yako. *Mimi ni mpagazi, napanda mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Tulikuwa na mgeni aliyeambiwa maji ndiyo dawa ya mwinuko, ule ugonjwa wa kupanda juu sana, basi akawa anakunywa lita sita kwa siku, chakula hagusi. Siku ya tatu kichwa kinamuuma, anatapika, anaongea vitu visivyoeleweka. Kiongozi wetu akasema ni mwinuko, tukamshusha mbio. Hospitali wakasema chumvi ya damu imepungua. Maji yanawezaje kumlewesha mtu?*

Pole na kazi, baba. Hapa potasiamu inampisha sodiamu. Damu inatakiwa iwe na sodiamu milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Mtu akinywa maji kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, na akitembea siku nzima mwili huyazuia maji zaidi, sodiamu inazimuliwa kama pombe ya mbege iliyoongezwa maji. Ukuta niliomweleza fundi hapo juu, ule uliopigwa ovaloki, unazuia chumvi lakini hauzuii maji. Maji yanafuata kwenye chumvi nyingi, na sasa kwenye chumvi nyingi ni ubongoni. Ubongo unavimba, nao umo kwenye boksi la mfupa lisilotanuka. Ndiyo kichwa, ndiyo kutapika, ndiyo maneno yale.

Si wapanda mlima tu. Mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 sodiamu ilikuwa imeshuka chini ya kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani, yaani waliokunywa kuliko walivyotoka jasho. Wakimbiaji wa hapa Moshi nao wasikie.

Kiongozi wenu alifanya sahihi. Kule juu huwezi kutofautisha kwa macho ubongo uliovimba kwa mwinuko na uliovimba kwa maji, na wa mwinuko unaua ukichelewa. Anayeanza kuchanganyikiwa anashushwa, maswali yanaulizwa chini. Ila msimwongezee maji njiani mtu ambaye ameshakunywa lita sita na hajala. Na jioni za kawaida, kambini, mgeni anywe kwa kiu yake, mpishi atie chumvi kwenye supu, na wewe unayekusanya vyombo uangalie bakuli gani limerudi limejaa.